Viatu vya Ncha vya Freed na Gaynor Minden: Tathmini kwa Wanaonunua Jozi ya Kwanza

Mwanafunzi wa baleti anapofikia hatua ya kununua viatu vya ncha, yaani vile vya satini vyenye kichwa kigumu vinavyomwezesha kusimama juu ya vidole vyake, mzazi wake kwa kawaida huuliza maswali mawili: vinagharimu kiasi gani, na vitadumu kwa muda gani. Maswali hayo ni ya haki, lakini hayatoshi kumwongoza mtu kuchagua kati ya aina mbili ambazo wanafunzi wangu hapa Nairobi wamezivaa kwa miaka mingi: Freed Classic, inayotengenezwa kwa mikono jijini London, na Gaynor Minden ya Marekani, ambayo ndani yake mna plastiki nyumbufu mahali pa karatasi na gundi. Kila moja imebeba jibu lake kwa jambo ambalo baleti imekuwa ikibishania tangu karne ya 19, nalo ni kama kazi ya kumwinua mchezaji kutoka sakafuni ni ya mguu au ni ya kiatu. Asiyejua ubishi huo ulivyozaliwa atanunua kwa kutazama mng'ao wa satini.

Kwa zaidi ya miaka 300 baleti iliishi bila kiatu hiki. Ilianza kama burudani ya makasri ya Italia katika karne ya 15, ikakita mizizi Ufaransa chini ya Malkia Catherine de Medici, na mwaka 1581 Paris ikashuhudia Ballet comique de la reine, onyesho la ushairi, muziki na dansi lililochukua takriban saa tano. Waliocheza walikuwa watu wa kasri wenyewe, wamelemewa na mavazi ya daraja lao. Mfalme Louis XIV alicheza nafasi ya jua linalochomoza mwaka 1653, akiwa na umri wa miaka 14, na mwaka 1661 akaanzisha Académie Royale de Danse. Pierre Beauchamp, mwalimu wake wa dansi, ndiye anayetajwa kuwa alipanga zile nafasi tano za miguu ambazo kila mtoto hufundishwa anapoingia darasani kwa mara ya kwanza. Viatu vya enzi hiyo vilikuwa na visigino, na mwenye kisigino hawezi kuikunja na kuinyoosha nyayo yake yote. Wanawake walipoanza kucheza kama kazi katika jukwaa la Opera ya Paris mwaka 1681, sketi zao ziligusa sakafu, kwa hiyo hakukuwa na sababu ya yeyote kujali miguu yao ilikuwa ikifanya nini huko chini.

Aliyeibadilisha hali hiyo ni Marie Camargo, aliyeanza kucheza Paris mwaka 1726. Aliweza miruko ya haraka iliyohesabiwa kuwa ya wanaume, ile ambayo miguu hupishana hewani, na kwa kuwa alitaka ionekane, aliipandisha sketi yake juu ya vifundo vya miguu. Yeye pia ndiye anayesifiwa kwa kuviondoa visigino. Huu ndio mwanzo wa kweli wa kiatu cha baleti kama tunavyokijua, kiatu bapa, laini, kisichomzuia mtu kuruka. Jean-Georges Noverre naye, mtunzi wa dansi wa Kifaransa, katika maandishi yake ya mwaka 1760, alidai barakoa na mawigi mazito viondolewe ili mwili wenyewe usimulie hadithi. Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa mavazi yakawa mepesi, na viatu vikafungwa kwa tepe tu. Kisha mwaka 1796, jijini London, Charles Didelot alionyesha Flore et Zéphire, ambamo wachezaji walivutwa juu kwa waya, na kabla ya kupaa waligusa sakafu kwa ncha za vidole kwa muda mfupi. Watazamaji walipokwisha kuyaona hayo, ilibaki kutafuta mtu wa kuyafanya bila waya.

Mtu huyo hakuwa Marie Taglioni peke yake, mchezaji ambaye kwa kawaida ndiye hutajwa. Amalia Brugnoli wa Italia alikuwa akisimama juu ya vidole katika miaka ya 1820, lakini Taglioni, aliyemwona Vienna, aliona jinsi alivyolazimika kuitupa mikono yake juu ili ajiinue. Baba yake, Filippo Taglioni, alimpa mafunzo makali ya saa nyingi kila siku, hata kuinuka kwake kukawa hakuonyeshi jasho. Tarehe 12 Machi 1832, katika Opera ya Paris, alicheza La Sylphide, hadithi ya kiumbe wa msituni asiyeshikika, na tangu usiku ule kusimama juu ya ncha hakukuwa tena mchezo wa kushangaza watu. Kulikuwa na maana: kiumbe yule hakuwa wa dunia hii, ndiyo maana aliigusa sakafu kidogo iwezekanavyo. Miaka 9 baadaye Carlotta Grisi akacheza Giselle, na wazo hilohilo likaibeba sehemu yake yote ya pili, ambamo wasichana waliokufa kabla ya kuolewa hutoka makaburini usiku.

Viatu vya Taglioni vilivyohifadhiwa hadi leo vinastahili kutazamwa na kila mzazi anayedhani kiatu ndicho kinachomsimamisha mtoto. Ni satini laini na soli nyembamba ya ngozi, navyo vimezungushiwa mishono mingi ya uzi pembeni na chini ya vidole ili satini isitanuke. Hakuna kichwa kigumu, wala uti wa soli, yaani ule ukanda mgumu unaoishikilia nyayo kwa chini. Kilichomwinua mwanamke yule ni misuli ya nyayo, vifundo, mapaja na mgongo wake. Inasimuliwa kwamba alipoondoka Saint Petersburg mwaka 1842, mashabiki wake wa huko walinunua jozi yake moja, wakaipika na kuila kwa mchuzi. Iwe kweli au la, hadithi hiyo inaonyesha ni kiasi gani watu walikuwa wamekwisha kukitukuza kiatu wakausahau mguu.

Ugumu ulitoka Italia. Shule ya La Scala ya Milan, iliyojengwa juu ya mafundisho ya mwalimu wa dansi Carlo Blasis, ilizalisha wachezaji wenye nguvu na kasi ya kupita kiasi, na mafundi viatu wa jiji hilo wakawatengenezea viatu vyenye kichwa kilichoimarishwa na ncha bapa zaidi, ambavyo juu yake mtu angeweza kukaa na hata kuzunguka mara nyingi bila kushuka. Wachezaji hao walielekea Urusi, ambako Marius Petipa, mzaliwa wa Marseille aliyefika Saint Petersburg mwaka 1847, alikuwa akitunga kazi kubwa kuliko zote za karne ile. Carlotta Brianza alicheza The Sleeping Beauty mwaka 1890, kazi yenye sehemu ambayo binti mfalme husimama kwa mguu mmoja huku wachumba wanne wakimshika mkono na kumwachia kwa zamu. Pierina Legnani alionyesha mwaka 1893 mizunguko 32 mfululizo juu ya mguu mmoja, mguu wa pili ukiichapa hewa, kisha akairudia katika Swan Lake mwaka 1895. Warusi waliduwaa, wakaitafuta siri hiyo, na Mathilde Kschessinska akawa wa kwanza miongoni mwao kuiweza. Petipa hangeyatunga hayo kama kiatu cha Milan hakingekuwapo, na fundi wa Milan hangekuwa na haja ya kukikaza kiatu kama wachezaji wa Blasis hawangekuwa tayari na miguu ya kukidai. Mpangilio huo, mguu kwanza na kiatu baadaye, ndio ninaotaka msomaji aubebe anapoingia dukani.

Anna Pavlova, mchezaji wa Urusi, anastahili kutajwa kabla ya kufika kwenye bidhaa zenyewe. Nyayo zake zilikuwa na upinde mkubwa na vifundo vyembamba, umbo linalopendeza macho lakini linaloutia mguu hatarini, kwa hiyo aliongeza ngozi ngumu ndani ya soli na kuipanua ncha. Wako waliosema anadanganya. Leo karibu kila kiatu cha ncha duniani kina uti wa soli na ncha bapa, kwa hiyo tunaweza kusema kwamba historia ilimpa haki yeye, si waliomshutumu. Kwa viatu hivyo alilicheza lile onyesho fupi la batamaji anayekufa alilotungiwa na Michel Fokine, ambalo karibu lote ni hatua ndogondogo za haraka juu ya ncha, akazunguka nalo dunia hadi kifo chake mwaka 1931.

Freed ilianzishwa mwaka 1929 na Frederick Freed na mkewe Dora katika eneo la Covent Garden, London, na ukilifungua boksi la Freed Classic leo utakuta kiatu ambacho Pavlova angekitambua mara moja. Kichwa chake kimejengwa kwa tabaka za gunia, karatasi na gundi. Kiatu hushonwa kikiwa kimegeuzwa ndani nje, kisha hupinduliwa, hufinyangwa kwa mkono na kukaushwa katika tanuri. Kila fundi ana alama yake anayoigonga kwenye soli, kama vile nanga, kengele au taji, na wachezaji wa kampuni kubwa humchagua fundi mmoja na kushikamana naye kwa miaka mingi bila kukutana naye. Fundi anapostaafu, mchezaji hulazimika kutafuta mwingine ambaye mkono wake unafanana na wa yule wa kwanza. Sijui bidhaa nyingine ya michezo au sanaa ambamo uhusiano wa aina hiyo umeendelea kuishi hivi.

Sifa kuu ya kiatu hiki ni kwamba kinamsikiliza mvaaji. Kikiwa kipya ni kigumu na kina kelele, kwa hiyo kinahitaji kutayarishwa: mchezaji huukunja uti wa soli pale upinde wa nyayo yake ulipo, huzilainisha pembe za kichwa kwa kiganja au kwa kuvigonga viatu chini, hushona tepe na lastiki, na wengi huizungushia ncha mishono ya uzi ili isiteleze, jambo linalofanana sana na alivyofanya Taglioni. Kazi hiyo ya jioni nzima si usumbufu wa bure. Inamfundisha msichana kujua upinde wake uko wapi, na kidole kipi ni kirefu kuliko kingine. Kiatu kikishalainika, nyayo hupita sakafuni hatua kwa hatua, kisigino, kitako cha vidole, ncha, na kurudi chini kwa njia ileile bila kishindo. Mtunzi wa dansi George Balanchine, aliyeanzisha pamoja na Lincoln Kirstein shule mwaka 1934 na kampuni ya New York City Ballet mwaka 1948, alitaka hasa mpito wa namna hiyo, wa kasi na ulio kimya, na viatu vya Freed vimevaliwa na wachezaji wengi wa kampuni hiyo hadi leo. Katika Giselle sifa hiyo haina mbadala, kwani mizimu ishirini na zaidi inayogonga sakafu kama kwato haimtishi wala kumsikitisha mtu yeyote.

Upungufu wake ni maisha mafupi. Gundi na karatasi huloweshwa na jasho, na mchezaji mkuu anaweza kumaliza jozi nzima katika onyesho moja. Mwanafunzi anayevaa kwa dakika chache mwishoni mwa kila somo atakaa nayo miezi kadhaa, mradi aiache ikauke vizuri mahali penye hewa baada ya kila somo na asiifungie ndani ya mfuko ikiwa na unyevu. Hali ya hewa nayo ina neno. Katika ukavu wa Nairobi kiatu hukauka haraka. Mombasa au Dar es Salaam, ambako hewa yenyewe imejaa maji kwa sehemu kubwa ya mwaka, gundi hulegea mapema, na mzazi wa huko ahesabu gharama akijua hivyo.

Gaynor Minden ilitokea New York mwaka 1993 kutokana na wazo rahisi, kwamba hakuna sababu ya mchezaji wa zama za viatu vya mbio vilivyofanyiwa utafiti kuendelea kusimama juu ya unga na karatasi. Kichwa na uti wa soli ni vya plastiki nyumbufu isiyolegezwa na jasho, na ndani yake kuna sponji ya kupunguza mshtuko na kelele. Mnunuzi huchagua kiwango cha ugumu tangu mwanzo, kwa sababu kiatu hiki hakivunjwi wala hakikunjwi. Kikihitaji kurekebishwa kidogo hupashwa joto kwa mashine ya kukaushia nywele na kuachwa kikae sawa na mguu. Bei yake ni kubwa kuliko ya Freed, lakini hudumu muda mrefu zaidi kiasi kwamba hesabu ya mwaka mara nyingi humwangukia mnunuzi kwa faida. Gillian Murphy wa American Ballet Theatre alivivaa kwa muda mrefu katika kazi yake, na hilo linatosha kuwajibu wanaosema kwamba hakuna mchezaji wa kweli anayevitumia.

Hoja ya wapinzani wake, hata hivyo, naiheshimu, kwa kuwa ni ileile iliyomkabili Pavlova. Wanasema plastiki inarudi yenyewe katika umbo lake, kwa hiyo inamsukuma mchezaji juu na kumpunguzia kazi ambayo misuli ilipaswa kuifanya. Kwa mchezaji aliyekomaa, mwenye miguu iliyokwisha kujengeka na maonyesho mengi kwa wiki, sioni ubaya wa msaada huo, na ningemshauri avitumie bila kusita, hasa kama kifundo kimewahi kuumia. Kwa msichana anayeanza, naona tofauti. Miaka yake miwili ya kwanza juu ya ncha ni miaka ya kuujenga mguu, na kiatu kinachokubali kulainika pamoja naye humwonyesha waziwazi siku anayokuwa mvivu: huzama ndani yake, vidole humwuma, na mwalimu huona. Kwa hiyo chaguo langu kwa jozi ya kwanza ni Freed Classic kwa wanafunzi wa bara, na kwa wale wa pwani ningekubali Gaynor Minden yenye uti laini, kwa sharti kwamba mwalimu aendelee kuwapa mazoezi mengi ya viatu laini.

Kuna suala la rangi, ambalo kwetu si dogo. Satini ya waridi iliyopauka ilichaguliwa kwa sababu ilikaribiana na ngozi ya wachezaji wa Ulaya, na hivyo mguu ulionekana mstari mmoja mrefu kutoka nyonga hadi ncha. Mchezaji mweusi aliyevaa rangi hiyo alionekana kana kwamba mguu wake umekatwa kwenye kifundo. Arthur Mitchell, aliyekuwa mchezaji mkuu wa kwanza mweusi wa New York City Ballet, alipoanzisha Dance Theatre of Harlem pamoja na Karel Shook mwaka 1969, alikuja kuamua kwamba soksi na viatu vya wachezaji wake vifanane na ngozi ya kila mmoja wao. Uamuzi huo ulikuwa wa kisanaa kabisa, kwa sababu uliwarudishia mstari ambao baleti yote imejengwa juu yake. Lakini viwanda havikumfuata, na kwa miongo kadhaa wachezaji weusi walitumia saa na fedha zao kupaka kila jozi mpya faundesheni ya usoni kwa sponji. Gaynor Minden ilileta satini za kahawia mwaka 2017, na Freed ikafuata mwaka 2018 kwa kushirikiana na Ballet Black, kampuni ya London iliyoanzishwa na Cassa Pancho mwaka 2001, ikatoa rangi mbili. Zaidi ya karne moja na nusu ilipita kati ya kiatu cha Taglioni na jozi ambayo mtoto wa Kibera anaweza kuivaa ikamkaa kama sehemu ya mguu wake, na kuchelewa huko kunaniuma. Mnaoagiza, itajeni rangi kwa maandishi, kwa sababu usipoitaja utaletewa ya waridi.

Linabaki suala la kupimwa, ambalo ni zito kuliko jina la kiwanda. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuuziwa viatu vya ncha na duka moja la mtandaoni kwa namba ya viatu vyake vya shule tu, bila kuulizwa umri wake, upana wa nyayo zake wala muda aliojifunza. Vilikuwa virefu kwa zaidi ya upana wa kidole, na kama angevivaa darasani angeteguka. Freed na Gaynor Minden zote zina vipimo vya urefu na upana vinavyotengana, na mguu wa kulia unaweza kutofautiana na wa kushoto. Mtoto asipelekwe kupimwa kabla mwalimu hajasema kwamba vifundo, tumbo na mgongo wake viko tayari, jambo ambalo kwa kawaida hutokea akiwa na umri wa miaka 11 au 12 na baada ya miaka kadhaa ya mafunzo ya mfululizo, kwa kuwa mifupa ya nyayo bado inakua. Anapojaribu, asimame miguu yote miwili chini na kukunja magoti: vidole viwe vimenyooka, viguse mwisho wa kiatu bila kujikunja. Kisha apande ncha ya mguu mmoja akiwa ameshika kitu, na hapo kisigino kibaki na kitambaa kidogo tu cha kubana kwa vidole viwili. Akisema kwamba kidole gumba kinabeba uzito wote, apewe kichwa kipana zaidi au chembamba zaidi, wala asiambiwe avumilie. Na tepe zisishonwe siku hiyohiyo. Mpelekeeni mwalimu jozi ikiwa bado haijaguswa sindano, kwa sababu viatu vikishashonwa hakuna duka litakalovipokea tena.